Natamani udaktari wa meno, lakini mkono wangu hautulii: nijaze fomu au niache?

Chipukizi ameandika:

Shikamooni wakubwa zangu. Nipo mwaka wa mwisho wa sekondari, masomo yangu makuu ni fizikia, kemia na baiolojia, na muda wa kujaza fomu za chuo umekaribia. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza kwamba nitasomea udaktari wa meno, na nikiulizwa sababu hujibu upesi kwamba ni kazi yenye heshima na isiyo na zamu nyingi za usiku. Nimekuja kutambua kwamba hilo ni jibu la mtu aliyeifikiria hadhi ya kazi bila kuifikiria kazi yenyewe.

Kilichonishtua ni jambo dogo. Wiki iliyopita mama aliniomba nimtilie uzi kwenye sindano, nami nikakosa tundu mara sita kwa sababu mkono wangu wa kulia hutetemeka kidogo ninaposhika kitu chembamba. Mama akacheka, akaniuliza nitawezaje kutoboa jino la mtu bila kumtoboa ulimi. Alikuwa akinitania, ila utani ule umeniganda. Isitoshe, sijui kuchora. Michoro yangu ya baiolojia hupewa alama za huruma.

Naomba kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, mkono kama huu ni kikwazo cha kweli? Pili, mtu ajuaje kwamba kazi hii inamfaa kabla hajaitumia miaka mitano au zaidi ya maisha yake? Tatu, ndugu zangu wawili wananishauri nisomee udaktari wa kawaida, wakidai kwamba daktari wa meno ni daktari nusu. Nawaombeni majibu ya watu wanaoijua kazi hii kwa karibu.

Gego la Mwisho amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni daktari wa meno, nipo kazini kwa zaidi ya miaka ishirini, na nitaanza na mkono wako kwa sababu ndio uliokuleta hapa.

Mkono wa kila binadamu hutetemeka ukiwa hewani. Jaribu kunyoosha kalamu mbele yako bila kuegemeza kitu chochote, uitazame ncha yake, utaona haitulii hata kama wewe ni seremala hodari. Ndiyo maana katika kazi yetu hakuna anayeshika kifaa hewani. Somo la kwanza kabisa la mikono ni la egemeo: kidole cha pete hutua juu ya jino lililo karibu, kinabaki pale, na vidole vitatu vilivyoshika kifaa huzunguka juu ya egemeo hilo kwa mwendo wa milimita chache. Mgonjwa akigeuza kichwa ghafla, mkono wako unageuka pamoja naye, kwa kuwa umeshikamana na taya lake. Hata uzi wa mama yako, ungeegemeza viganja vyote viwili mezani, huenda ungeingia mara ya pili. Ila kama mkono hutetemeka hata ukiwa umeupumzisha pajani, muone daktari kabla ya kujaza fomu yoyote, maana hilo ni suala jingine.

Nguvu nazo hazihitajiki kama watu wanavyodhani. Drili zinazoendeshwa kwa hewa, ambazo zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950, huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, hivyo kazi ya mkono si kusukuma bali kuzuia. Unaligusa jino na kuondoa, unaligusa na kuondoa, kama mtu anayefuta vumbi kwenye bawa la kipepeo, huku maji yakipoza jino lisiungue. Kosa la mwanafunzi ni kukandamiza. Nakumbuka nikiwa mwaka wa pili nilitakiwa kuchimba tundu la kina cha milimita 2 kwenye gego la plastiki lililofungwa ndani ya kichwa bandia. Mwalimu alipokuja kukagua hakusema neno. Alilifungua jino lile, akaliinua kuelekea dirishani, nami nikaona mwanga ukipita hadi upande wa pili. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Kwa bahati nzuri plastiki haina neva, na kichwa bandia hakina mdomo wa kulalamika. Unapewa miezi mingi ya kuharibu vitu vya namna hiyo kabla hujaruhusiwa kumkaribia mtu, na lazima iwe hivyo, kwa sababu enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishachimbwa haioti tena: chembe zinazoitengeneza hutoweka jino linapochomoza.

Kigumu zaidi kuliko mtetemo ni kioo. Meno ya juu, hasa upande wake wa ndani, hatuyaangalii moja kwa moja. Tunayaona kwenye kioo kidogo cha kinywani, na humo mbele huwa nyuma. Ubongo huamuru mkono uende kule, nao unakwenda huku. Wiki za kwanza nilijiona mjinga kabisa. Baadaye siku moja mkono ukajua wenyewe, na hadi leo siwezi kueleza ulijuaje.

Sasa nikueleze kinachowaondoa watu kweli, maana katika darasa letu hakuna aliyeondoka kwa sababu ya mkono. Tulikuwa na mwenzetu mwenye vidole vya ajabu. Alichora jino ukadhani ni picha ya kamera, na kazi zake kwenye kichwa bandia zilikuwa zikipitishwa mezani ili sisi wengine tujifunze. Mwaka wa tatu tulipoanza kuwatibu watu, hakumaliza muhula. Mgonjwa wetu, mdogo wangu, yuko macho. Anakutazama kutoka umbali wa kiganja kimoja, anasikia kila mlio wa chuma, ulimi wake unasukuma kioo chako bila yeye kutaka, mate yanajaa, na vidole vyake vimeng'ang'ania mkono wa kiti hadi kucha zimekuwa nyeupe. Ukimchoma sindano ya ganzi ya taya la chini, unaingiza ncha taratibu, unavuta kidogo kuhakikisha haimo ndani ya mshipa wa damu, kisha unasukuma dawa polepole kwa dakika nzima huku ukizungumza kwa sauti ileile, kwa kuwa akiona haraka yako ataogopa zaidi. Yule mwenzetu hakuweza kuvumilia kuwa sababu ya hofu ya mtu. Simlaumu. Alihamia fani nyingine na anafanya vizuri sana.

Kwa hiyo swali lako la pili ndilo zito kuliko la kwanza. Tafuta kliniki itakayokuruhusu kukaa kwenye kona na kutazama, hata kwa siku chache. Hutajua kama unaweza kazi, ila utajua kama unaweza kukaa humo chumbani.

Mwaka wa Nne amejibu:

Nakubaliana na kaka yangu hapo juu kwa mengi, nami niongeze upande wa masomo kwa sababu bado nimo ndani yake.

Urefu wa masomo hutegemea nchi. Katika nchi nyingi unaingia moja kwa moja kutoka sekondari na kusoma miaka mitano au sita, kisha mara nyingi kunafuata kipindi cha utarajali kabla ya leseni kamili. Marekani na Kanada kwa kawaida wanafunzi hupitia kwanza masomo ya chuo, ndipo wanasoma miaka minne ya udaktari wa meno. Ukitaka kubobea, kwa mfano katika kunyoosha meno, matibabu ya mizizi, magonjwa ya fizi, meno ya watoto au upasuaji wa taya na uso, unaongeza miaka mingine, mingi zaidi kwa upasuaji. Usianze kuchagua ubobezi leo. Niliingia nikiapa kwamba nitanyoosha meno, na sasa ninachokipenda ni meno bandia ya wazee, jambo ambalo sikuwahi hata kuliwaza.

Miaka ya mwanzo inafanana sana na ya wanafunzi wa udaktari: anatomia, fiziolojia, biokemia, baadaye patholojia (elimu ya magonjwa) na famakolojia (elimu ya dawa). Tofauti ni kwamba sisi tunazama zaidi katika kichwa na shingo. Neva ya tano ya kichwa utalala na kuamka nayo, tawi kwa tawi, kwa kuwa ndiyo inayoleta maumivu ya meno na ndiyo unayoitia ganzi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni hesabu ya kazi za kliniki. Ili ufuzu, vyuo vingi hudai uwe umekamilisha idadi maalumu ya kazi kwa mikono yako: meno uliyoziba, uliyong'oa, mizizi uliyotibu, seti za meno bandia ulizokabidhi. Mtihani wa nadharia unaweza kuukeshea. Mgonjwa asiyetokea huwezi kumkeshea. Muhula uliopita nilibakiwa na gego moja tu la kutibu mizizi. Mgonjwa alikuja mara ya kwanza, nikafungua jino, nikasafisha mifereji mitatu ya ndani ya mizizi, nikaweka dawa na kuziba kwa muda. Maumivu yakaisha, naye akaona amepona. Nilimpigia simu mara nne, mara ya nne akaniambia kwa upole kwamba jino haliumi tena na amehama mji. Nililia, nasema kweli. Kilichoniuma hakikuwa alama peke yake, kwa maana najua kizibo kile cha muda kitavuja na jino litarudi na usaha. Kwa hiyo ukichagua chuo, usiulize tu kuhusu majengo na ada. Uliza wanafunzi wa miaka ya mwisho kama wagonjwa wanapatikana, viti vya kliniki vinatosha watu wangapi, na kama sanduku la vifaa unanunua mwenyewe, maana vifaa hivyo ni ghali na mara nyingi havionekani kwenye jedwali la ada.

Kuhusu udaktari nusu, waulize ndugu zako hao wawili swali hili: kabla ya kung'oa jino la mgonjwa anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, ni nini unachokihofia? Jibu ni kwamba baadhi ya dawa hizo zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona na hata kufa baada ya jino kung'olewa, na anayepaswa kuligundua hilo kabla ya koleo kugusa jino ni daktari wa meno. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Saratani ya kinywa, upungufu wa damu na dalili za kinga iliyoshuka huweza kuonekana kwanza kinywani. Na kama wanapenda historia, wakumbushe kwamba Horace Wells, aliyejaribu gesi ya naitrasi oksidi kuzuia maumivu alipong'olewa jino lake mwenyewe mwaka 1844, na William Morton, aliyeonyesha hadharani matumizi ya etha kama dawa ya usingizi katika upasuaji mwaka 1846 huko Boston, wote wawili walikuwa madaktari wa meno. Madaktari wa upasuaji wa leo wanafanya kazi kwa utulivu juu ya msingi uliowekwa na hao nusu.

Kazi nayo haitakwisha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu bilioni 3.5, karibu nusu ya watu wote duniani, wana maradhi ya kinywa, mengi yakiwa ni meno yaliyotoboka na hayajatibiwa. Hilo si hakikisho la ajira mahali ulipo, kwa kuwa wagonjwa kuwapo ni jambo moja na nafasi za kazi kuwapo ni jambo jingine. Chunguza yote mawili.

Fundi wa Nta amejibu:

Naona mnazungumza kana kwamba mlango ni mmoja tu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno. Kofia za jino (vifuniko vinavyovishwa juu ya jino lililoharibika), meno bandia na waya ambazo madaktari huwafungia wagonjwa, mara nyingi zimepita mikononi mwetu. Kuna pia matabibu wa meno, wataalamu wa usafi wa kinywa, na wasaidizi wa kliniki. Masomo yao kwa kawaida ni mafupi kuliko shahada ya udaktari, na katika baadhi ya nchi unaweza kuanzia hapo kisha ukajiendeleza. Angalizo ni kwamba kila sheria ina mipaka yake kuhusu nani aruhusiwe kuziba, nani kung'oa na nani kuchoma sindano ya ganzi. Soma kanuni za baraza la taaluma la nchi yako kabla hujaamini maneno ya mtu, hata yangu.

Ukigundua kwamba hofu ya wagonjwa inakushinda, fikiria maabara: mgonjwa wako ni plasta, yaani mfano wa meno uliotengenezwa kwa jasi, na plasta haishtuki. Ingawa siku hizi kazi nyingi inafanywa kwa kuskani kinywa na kuchonga kofia kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, bado anayeamua kama jino limekaa sawa ni jicho la fundi. Nami hapo natofautiana kidogo na daktari. Mkono hufundishika kwa urahisi kuliko jicho. Nimewafundisha vijana wenye mikono mizuri ambao hawaoni kwamba jino walilochonga limeinama. Unawaonyesha, wanakubali kwa adabu, ila ukiwatazama usoni unajua hawajaona.

Jipime hivi. Chukua kipande cha sabuni na kisu kidogo, tafuta picha za gego la kwanza la taya la chini kwa pande zake zote tano, yaani juu, shavuni, ulimini, mbele na nyuma, kisha ulichonge kwa ukubwa wa mara tatu au nne. Vyuo vingi huwapa wanafunzi zoezi la namna hiyo, wengine kwa nta. Usijali kama halitapendeza. Jiulize kama unaona lilipokosewa, na kama una hamu ya kuchonga la pili.

Chipukizi ameandika:

Asanteni sana. Nimepata ruhusa ya kukaa kwenye kliniki moja kwa siku tatu, kuanzia Jumatatu. Kaka Gego la Mwisho, nikishakaa kwenye hiyo kona, nitazame nini hasa? Naogopa nitatazama meno tu.

Gego la Mwisho amejibu:

Meno utaonyeshwa hata usipotaka. Siku ya kwanza mtazame daktari mgongoni. Sisi hukaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa au pembeni yake, mahali ambapo, kama kichwa kingekuwa katikati ya uso wa saa na utosi ukielekea kwenye tarakimu 12, tungekuwa kati ya tarakimu 9 na 12. (Nasema tarakimu, si saa, usije ukachanganya.) Angalia kama mgongo umenyooka au umejikunja kama ndoano, na shingo imeinama kiasi gani. Nilikunja mgongo wangu kwa miaka kumi ya kwanza nikidhani naona vizuri zaidi, na sasa siwezi kukaa kwenye gari kwa saa mbili bila kushuka nijinyooshe. Miwani ya kukuza na kiti kilichorekebishwa vizuri ningevinunua mwaka wa kwanza wa kazi, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya pili tazama dakika mbili za mwanzo za kila mgonjwa, kabla hajafungua mdomo. Daktari anakaa au anasimama? Anauliza kuhusu dawa na maradhi mengine au anarukia jino? Wamekubaliana ishara ya kusimama, kwa kawaida kuinua mkono wa kushoto? Na mgonjwa akiuinua, daktari anasimama kweli, au anasema bado kidogo tu huku anaendelea? Anayeendelea amempoteza mgonjwa huyo hata kama jino litazibwa kwa ufundi mkubwa.

Siku ya tatu omba kukaa kwenye chumba cha kusafishia vifaa, ambako hakuna anayependa kukaa. Tazama kifaa kinavyooshwa, kinavyofungwa kwenye pakiti na kuingia kwenye mashine ya mvuke, ambayo mara nyingi hufanya kazi kwa nyuzijoto 134 kwa angalau dakika 3, au 121 kwa dakika 15. Ukiona msaidizi anaruka hatua kwa sababu foleni ni ndefu, umeona uzembe ambao utakuwa na kishawishi cha kuufanya maisha yako yote. Wakati huohuo ulizia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita hivi, na utahitaji uwe umeianza kabla sindano iliyotumika haijakuchoma kidole. Siku moja inaweza kukuchoma.

Chipukizi ameandika:

Nimerudi. Siku ya kwanza niliona kizunguzungu kidogo walipong'oa gego la mzee mmoja, nikatoka nje nikanywa maji. Siku ya pili alikuja mtoto wa kike wa miaka saba hivi, akakataa kabisa kufungua mdomo. Daktari hakumlazimisha, alimpa kioo akishike, akamwomba ahesabu meno ya daktari. Mtoto akahesabu hadi kumi na nne akapotea, akaanza upya, na kwenye mara ya tatu wakabadilishana zamu bila mtoto kugundua. Hakuna jino lililozibwa siku hiyo, alipewa tu tarehe ya kurudi. Nimeuandika mwendo huo wote kwenye daftari, na nimegundua kwamba kwa muda huo wote sikuufikiria mkono wangu.

Fomu nimejaza, udaktari wa meno ukiwa chaguo la kwanza, na kozi ya ufundi sanifu wa meno chaguo la pili. Ndugu zangu wale bado hawajajibu swali la dawa za mifupa.

Ndugu Fundi, sabuni ya kwanza ilivunjika, ya pili nimemaliza jana. Nimechonga vilele vinne (vile vinundu vya juu ya gego), viwili upande wa shavu na viwili upande wa ulimi, lakini nikilinganisha na picha naona langu ni la mraba mno na la picha limeongezeka kwa nyuma. Nimekosea wapi?

Fundi wa Nta amejibu:

Umeona penyewe. Gego la kwanza la chini lina vilele vitano. Cha tano ni kidogo kuliko vyote na kipo nyuma kabisa, kuelekea upande wa shavu. Usijaribu kukibandika, chukua sabuni ya tatu, acha nyama zaidi upande wa nyuma, kisha upande wa shavu kata mifereji miwili badala ya mmoja, na kile kitakachobaki nyuma ya mfereji wa pili ndicho kilele chako. Ukimaliza, lipige picha kutoka juu na uiweke hapa.